Rafiki Asiyetambuliwa: Maoni Yetu Kuhusu Albamu za Roki



Juma lililopita mzazi mmoja alitujia ofisini akiwa na masikitiko. Kijana wake husikiliza muziki wa roki hadi usiku wa manane, naye alitaka tumkanye. Alishangaa tulipomuuliza ni albamu zipi, akashangaa zaidi tulipokiri kwamba baadhi yake tunazo nyumbani. Kwa kuwa jambo hili limekwisha kuzungumzwa hata nje ya ofisi, tumeona ni vema tuseme wazi tunachofikiri. Haya ni maoni ya msikilizaji, si mafundisho. Mwenye maoni tofauti yuko huru kabisa kuyashika.

Muziki huu tuliujua tukiwa Seminari Kuu, kwa kanda za frateri mwenzetu. Alikuwa na redio kaseti ndogo na sharti moja: kanda husikilizwa yote, upande wa kwanza na wa pili, bila mtu kuzungumza. Baadaye tulitambua kwamba sharti lile lilitoka katika muziki wenyewe. Roki progresivu, iliyoshamiri Uingereza tangu mwaka 1969, haikutungwa kwa ajili ya dansi. Watunzi wake walitaka albamu nzima iwe kazi moja, kama utenzi ambao hauwezi kueleweka kwa kusoma beti mbili tatu. Anayeonja kipande kimoja kisha akahukumu hajautendea haki.

Katika ujana wetu tuliupenda zaidi ustadi. Kwa sababu hiyo bendi ya Yes ilikuwa ya kwanza kwetu. Albamu yao ya mwaka 1972, Close to the Edge, ina nyimbo 3 tu, na ule wa kwanza huchukua zaidi ya dakika 18. Katikati yake, baada ya sehemu tulivu, hulipuka kinanda kikubwa cha mabomba, ambacho Rick Wakeman alikipiga katika kanisa la Mtakatifu Giles, Cripplegate, jijini London. Hata leo sauti ile hutusisimua. Lakini mwaka uliofuata bendi hiyo hiyo ilitoa Tales from Topographic Oceans, yenye nyimbo 4, kila mmoja ukijaza upande mzima wa sahani, jumla zaidi ya dakika 80. Kwa maoni yetu, hapo ustadi ulipoteza kipimo. Ni kama mhubiri fasaha aliyekosa pa kutia nukta. Wakeman mwenyewe hakuridhika nayo, na mwaka 1974 akaiacha bendi.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973, ni tofauti. Inaanza na kumalizika kwa mapigo ya moyo, na kati yake yamo mambo ambayo kila mtu mzima anayajua: muda unaokimbia, fedha, wazimu na kifo. Kinachotugusa zaidi ni kwamba wimbo unaohusu kifo karibu wote hauna maneno. Mwimbaji Clare Torry anapaza sauti tu, mara akipambana, mara akikubali. Sisi ambao tumesimama mara nyingi makaburini tunajua kwamba kuna saa ambapo maneno hayasaidii. Inasikitisha kwamba alilipwa pauni 30 tu, na ilimlazimu kwenda mahakamani mwaka 2004 ndipo jina lake likaandikwa miongoni mwa watunzi.

Kwa upande wa roki mbadala, vijana wengi hututajia OK Computer ya Radiohead, iliyotoka mwaka 1997. Tunaiheshimu. Kabla simu za mkononi hazijajaa mifukoni mwetu, watu hawa walikwisha kuuona upweke wa mtu aliyezungukwa na mitambo. Mahali pamoja sauti ya kompyuta inasoma orodha ya mambo ya kumfanya mtu awe bora, na baridi yake inaogofya. Hata hivyo, tunaona albamu hii inaelewa ugonjwa kuliko inavyomwelewa mgonjwa. Ukiisikiliza peke yako usiku, si rahisi kuona mlango wa kutokea. Kama kijana anaisikiliza hiyo kila siku, tungependa kujua anaendeleaje, wala si kumnyang'anya.

Albamu inayostahili kujulikana zaidi ni Spirit of Eden ya Talk Talk, ya mwaka 1988. Bendi hii ilikuwa imepata jina kwa nyimbo za kuchezeka, kisha Mark Hollis na wenzake wakajifungia studio gizani, wakarekodi mengi na kuyafuta karibu yote. Kilichobaki ni sauti chache zenye nafasi kubwa kati yake. Katika wimbo unaohusu dawa za kulevya inasikika kwaya ya Kanisa Kuu la Chelmsford, taratibu, kama watu wanaomwombea mgonjwa katika chumba cha pili. Haikuuzwa kama albamu zao za awali. Lakini kila mwaka tunaizidisha kuipenda, kwa sababu haitaki kumshangaza mtu.

Lakini ya kwanza kwetu ni Wish You Were Here ya Pink Floyd, ya mwaka 1975. Syd Barrett, aliyeiongoza bendi hiyo mwanzoni, alianza kuvurugikiwa na akili, na mwaka 1968 wenzake wakaendelea bila yeye. Miaka 7 baadaye walikuwa studio wakirekodi kazi ndefu ya kumkumbuka. Tarehe 5 Juni 1975 mtu mnene, aliyenyoa kichwa na nyusi, aliingia humo, na kwa muda hakuna aliyemtambua. Alikuwa ni Barrett. Walikuwa wakimwimbia rafiki, na rafiki mwenyewe aliposimama mbele yao hawakumjua. Barrett aliishi hadi mwaka 2006, mbali na muziki. Gitaa la David Gilmour mwanzoni mwa kazi ile, noti 4 tu, linasikika kama mtu anayegonga mlango uliokwisha kufungwa.

Sasa tuseme kwa nini tunaiweka juu. Frateri mwenye kanda aliugua akili tukiwa mwaka wa tatu. Alirudishwa nyumbani kwa utulivu, na sisi tuliendelea na masomo. Kanda hii alituachia. Tuliisikiliza miaka mingi, tukasifu utunzi wake, tukamweleza kila mtu habari za Barrett, bila kumwandikia mwenzetu hata barua moja. Tulimwombea, ndiyo, lakini kumwombea mtu usiyetaka kumtembelea ni rahisi mno. Mwaka jana tulimwona stendi ya mabasi. Alitusalimu kwa jina letu la utotoni, nasi tukamjibu kama tunavyomjibu mtu yeyote anayeomba nauli. Tulikuwa tumekwisha kupanda basi tulipomtambua.

Kwa hiyo hatuwezi kukubali kwamba muziki huu ni upotovu mtupu. Kuna albamu iliyotuambia ukweli kuhusu sisi wenyewe, nasi tukaisikia sauti tu. Mzazi yule tulimshauri aombe kuketi na kijana wake, waisikilize albamu moja hadi mwisho, kisha amuulize anasikia nini. Alicheka, lakini ameahidi kujaribu.

Nasi tumepata namba ya ndugu wa mwenzetu. Anasema yupo nyumbani, na siku za Jumatatu huwa mzima zaidi. Jumatatu ijayo ofisi haitafunguliwa.