Upungufu Hauko Katika "Yeye"

Imani iliyoota mizizi katika Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, ni kwamba Kiingereza ni lugha ya watu makini na Kiswahili ni lugha ya kukisiakisia, na ushahidi unaotolewa mara nyingi ni neno moja tu: "yeye". Kiingereza, husemwa, kina "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, ilhali Kiswahili humwacha msikilizaji akibahatisha. Na Sheng, msimbo wa mitaani unaosimama juu ya sarufi ya Kiswahili huku ukikopa msamiati kutoka Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine za jiji, huhesabiwa kuwa umerithi kilema hicho na kuongeza vyake. Imani hiyo ni potofu, tena inajipinga yenyewe, kwa kuwa wanaoishikilia ndio hao hao wanaousifu utajiri wa Kiingereza kwa sababu neno lake moja fupi huweza kubeba maana mia.

Kiwakilishi nafsi ni neno linalosimama mahali pa jina la mtu. Katika Kiswahili kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja ni "yeye", ingawa kazi kubwa hufanywa na viambishi, yaani vipande vidogo vinavyopachikwa kwenye kitenzi, "a-" kwa mtenda na "-m-" kwa mtendwa. Ngeli inayotawala viambishi hivyo humpokea mwanamume, mwanamke, mtoto, na hata kuku na simba, kwa sababu lugha za Kibantu huzigawa nomino kwa ngeli, wala si kwa uke na uume. Kiswahili kimeishi na Kiarabu kwa karne nyingi, kikakopa "kitabu", "wakati" na "habari", lakini hakikukopa "huwa" na "hiya", viwakilishi ambavyo kwavyo Kiarabu humtenga mwanamume na mwanamke. Kama utengano huo ungekuwa kipimo cha umakini, Kiingereza chenyewe kingeanguka mtihani mbele ya Kiarabu, ambacho humtenga hata anayesemeshwa, "anta" akiwa mwanamume na "anti" akiwa mwanamke. Kisomali, kinachosikika kila siku Eastleigh, nacho hutenganisha "isaga" na "iyada", lakini hajasikika mzazi wa Buruburu anayemtafutia mwanawe mwalimu wa Kisomali ili afikiri kwa makini zaidi. Kinachopimwa basi si sarufi, bali ni hadhi ya wanaoizungumza lugha.

Undumakuwili huo huonekana waziwazi pale maneno mafupi ya Kiingereza yanapotajwa. Neno "set", lenye herufi 3, lilipewa maana zaidi ya 400 katika toleo la 1989 la kamusi kuu ya Oxford, na hakuna aliyedai kwamba Waingereza hawajui wanalosema. Iliaminiwa, na kwa haki, kwamba maana hujulikana kutokana na maneno yanayoandamana na neno lenyewe. Wataalamu huiita hali hiyo polisemia, yaani neno moja kubeba maana nyingi zenye uhusiano. Vijana wa Eastlands wameyachukua maneno hayo hayo mafupi na kuyafanyia kazi ile ile. "Ploti" ni kipande cha ardhi, ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vilivyotazamana, wapangaji wakichangia choo na bomba, na ni mpango wa jioni pia, kijana anapomuuliza mwenzake, "Ploti ni gani?" "Jam" ni msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo, na "kujam" ni kukasirika. "Ball" ni mimba, na anayeambiwa kwamba dem fulani, yaani msichana, ana ball hatoki kwenda kutafuta kiwanja. Kwa mwalimu na mzazi, hata hivyo, maana nyingi za "set" ni utajiri na maana nyingi za "ploti" ni uvivu, kana kwamba neno hufilisika linapovuka Mto Nairobi.

Umakini wa lugha hupimwa kwa haja ya wanaozungumza. Makanga anapogonga bodi ya matatu na kumwambia dereva, "Shukisha Hamza, ako na mtoto," akitumia "ako na", umbo la Nairobi lenye maana ya "ana", dereva hupata kila anachohitaji: kituo, yaani Hamza, na sababu ya kusimama kwa utulivu badala ya kumshusha abiria gari likitambaa. Abiria akiwa baba au mama, breki ni ile ile. Ikitokea kwamba jinsia inasaidia kumtambua mtu, kwa mfano abiria mmoja hajatoa nauli, makanga huyo huyo husema "huyo msupa wa nyuma" au "yule budaa wa kofia", na jambo huisha kwa kutajwa mara moja. Lugha yenye "manzi", "dem", "msupa", "chali", "budaa" na "mathe" haiwezi kusingiziwa kwamba haijui kutofautisha mwanamke na mwanamume. Inachokataa ni kulazimishwa kutofautisha katika kila kitenzi.

Hoja kwamba "he" na "she" huondoa utata hubomoka pia palipo na watu wawili wa jinsia moja. Wanawake wawili wakigombania zamu ya kujaza mitungi bombani, "she" haimwambii msikilizaji nani alisukuma na nani alisukumwa, ilhali Kiswahili kina "huyu", "huyo" na "yule", vionyeshi vinavyowapanga watu kwa umbali wao na kwa nafasi yao katika masimulizi. Hata lawama ya kukisia humrudia anayeitoa. Shahidi akisema mahakamani, "Aliniambia nifungue mlango," mkalimani anayetafsiri kwa Kiingereza hulazimika kuchagua "he" au "she" kabla shahidi hajasema aliyebisha alikuwa nani, hivyo akaongeza habari isiyotolewa. Hapo anayebahatisha si msemaji wa Kiswahili.

Waingereza wenyewe wameujua mzigo huo kwa muda mrefu. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1850 ili kutamka kwamba maneno ya kiume katika sheria yawahusu wanawake pia, na kanuni hiyo ikaingia hadi Sura ya 2 ya Sheria za Kenya. Kiingereza cha leo kimegeukia "they" kumtaja mtu mmoja, matumizi yenye historia ya karne nyingi, na wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster walilitangaza kuwa neno la mwaka 2019. Kinachotafutwa kwa sheria na mijadala, Kiswahili hukipata kwa irabu moja, "a-".

Ushindi huo, hata hivyo, usizae imani nyingine potofu, kwamba lugha isiyobagua katika viwakilishi huzaa jamii isiyobagua. Kifini na Kiajemi vyote havitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, lakini wanawake wa Finland walipata haki ya kupiga kura mwaka 1906, ilhali wale wa Iran waliisubiri hadi 1963. Kenya yenyewe ina katiba inayokataza zaidi ya theluthi mbili za wanachama wa chombo cha umma kuwa wa jinsia moja, na bado Jaji Mkuu David Maraga alilazimika, Septemba 2020, kumshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo. Bunge halikuvunjwa, na "yeye" halikumsaidia mwanamke hata mmoja kupata kiti.

Ubaguzi hupenya kwa mlango mwingine, nao ni nomino. Kazi za ujira mdogo mitaani zimepewa jinsia katika majina yake: anayeketi langoni akisubiri kuitwa kufua nguo ni "mama fua", na mwenye kibanda cha sukuma wiki ni "mama mboga". Mwanamke anaposhika usukani wa matatu, huitwa "dereva wa kike", ingawa hakuna anayesema "dereva wa kiume". Na "msee", lililotokana na "mzee" na sasa kudaiwa kumhusu mtu yeyote, bado humleta mwanamume kwanza akilini. Mwalimu na mzazi wanaotaka kuisahihisha lugha ya Eastlands wanayo kazi ya kutosha hapo, na waanze na maneno mawili tu, "wa kike", kwa sababu abiria anayeteremka Hamza hajali aliyemfikisha salama alikuwa nani, na sarufi yake ilishamruhusu kusema, bila nyongeza yoyote, kwamba dereva anajua kazi.