Saa ya Addis Ababa

Ndugu wanachama, wengi wenu mmetuuliza tuliyoyaona Addis Ababa katika zile siku nne za likizo yetu, nasi tumeona ni heri tujibu mara moja katika kurasa hizi kuliko kuyarudia maneno yale yale mlangoni pa kila ofisi. Mji wenyewe hatutaueleza sana. U juu milimani, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, hata mtu atokaye Mombasa hupanda ngazi akihema, na asubuhi yake yataka koti. Tulilitazama Jumba la Afrika lililofunguliwa mwaka 1961, mahali walipokutana wakuu wa nchi huru mwezi Mei 1963, miezi michache kabla sisi Wakenya hatujapata uhuru wetu. Tuliliona pia jumba refu la Umoja wa Afrika lililojengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 2012. Ni majumba ya fahari, lakini siyo yaliyotukosesha usingizi.

Kilichotukosesha usingizi ni saa ya ukutani. Tulikuwa na haja ndogo katika ofisi moja mjini, na karani wa hapo akatuambia kwa Kiingereza tuje kesho yake, akaitaja saa kwa tarakimu ya 3. Nasi, kwa kuwa maneno yalikuwa ya Kiingereza, tukahesabu Kiingereza, tukafika alasiri tumefunga tai. Karani alicheka kwa adabu, akatuonyesha saa yake. Mkono mdogo ulikuwa juu ya 9. Kwao siku huanza jua lichomozapo, kama kwetu, naye alikuwa ametungoja tangu saa tatu asubuhi.

Tuliona haya. Sisi tuliozaliwa tukisema saa tatu asubuhi tulishindwa kuitambua hesabu ya bibi zetu, kwa sababu tu ilitujia katika lugha ya kigeni! Huku kwetu twautazama mkono ulio juu ya 9, na kinywa chasema tatu. Tumezoea hata hatuoni ajabu. Ndugu wale wameuweka mkono mahali kinaposema kinywa.

Tukaketi kungoja. Katika benchi letu palikuwa na mzee aliyeletewa barua ya Serikali kwa Kiamhari. Akavaa miwani, akaisoma mwenyewe polepole, kisha akainuka, akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kuanza kubishana na karani. Hatukufahamu hata neno moja, wala hatujui kama alishinda. Lakini alijua alichokuwa akikibishia.

Sasa, wenzetu wa kalamu, tukumbuke wazee wanaokuja kwenye madirisha yetu. Mzee apata barua juu ya shamba lake, imeandikwa Kiingereza. Ampelekea mjukuu aliye darasa la sita, naye mjukuu asoma nusu na kubuni nusu. Akija kwetu, twamweleza kwa Kiswahili mambo yale yale tuliyomwandikia kwa Kiingereza. Basi kwa nini hatukumwandikia hivyo tangu mwanzo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna sheria ituzuiayo. Kituzuiacho ni mazoea, na pengine (tuseme kweli) ile raha ya kuonekana wasomi.

Wako watakaosema kwamba maneno ya kazi hayatoshi. Kiamhari chaandikwa kwa herufi zaidi ya 200, nao wamezitia zote katika mashine zao; sisi twaandika kwa herufi zisizofika 30, na mashine zetu zazijua tangu zamani. Wengine watasema kwamba Kiamhari nacho kiliwalemea watu wa lugha nyingine, na hilo ni kweli: Waoromo na wengineo walinung'unika miaka mingi, hata katiba yao ya mwaka 1995 ikazipa lugha zote heshima iliyo sawa. Hatusemi tuige kila jambo. Lakini Kiswahili hakikuletwa ofisini na kabila moja ili kuwatawala mengine, na mzee wa Kitui hukijua kama ajuavyo mzee wa Lamu, walau kwa kadiri ya kufahamu barua.

Tuliporudi tulijaribu wenyewe. Barua ya kwanza, ya kumwarifu mama mmoja mjane kuhusu mpaka wa kiwanja chake, ilitushinda mara mbili. Kwa Kiingereza tungaliimaliza kabla ya chai. Mara ya tatu ikakaa sawa, mistari 11. Tumeiweka juu ya meza ya mkubwa wetu pamoja na jalada lake. Leo ni siku ya tisa, naye hajaitia sahihi.