Mashine Ile Ile, Mwendeshaji Mwingine



Mwezi huu twaomba ruhusa ya kuziacha kando khabari za malezi mlizozizoea katika ukurasa huu, tukaeleza jambo lililotufika katika madrasa yetu. Wazazi wengi na vijana wengi wana mashine kama yetu majumbani mwao, na hapana shaka jambo hili limekwisha wafika au li njiani. Tumeihama Windows, tumeingia Linux.

Asiyejua majina haya asione taabu. Kompyuta peke yake ni chuma na nyaya. Haiwezi hata kuonyesha alifu moja mpaka iwe na programu kubwa ya kuiendesha. Programu hiyo ndiyo inayosimamia kiwambo, kibodi, printa na mafaili, na programu nyingine zote hufanya kazi chini ya amri yake. Huitwa mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo mmoja, mali ya Microsoft ya Marekani, na ndio tunaoukuta katika mashine nyingi zinazouzwa madukani petu. Linux ni mwingine.

Tulikuwa na sababu mbili za kuhama, na ya pili ndiyo nzito.

Ya kwanza ni kwamba Windows 10, iliyotoka Julai 2015, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, lakini tundu lolote la usalama litakalogunduliwa baadaye halizibwi tena, ila kwa waliojiandikisha kupata muhula wa ziada. Windows 11 nayo yataka prosesa mpya kiasi na kidude cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Mashine yetu tulipewa na mfadhili mmoja baada ya kufanya kazi miaka mingi katika ofisi yake, na sifa hizo haina. Kununua mpya kwa ada za watoto ambao nusu yao hatuwadai, msomaji atajua mwenyewe.

Sababu ya pili twaona haya kuieleza, lakini tukiificha hadithi yetu haitakuwa na maana. Mashine ile ilitufikia ikiwa tupu. Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akatutilia Windows kwa ujira mdogo, nasi hatukuuliza imetoka wapi. Baada ya muda pakatokea maandishi ya kijivu upande wa chini, kulia mwa kiwambo. Tukayaacha, tukidhani ni pambo. Siku moja baada ya Alasiri, tulipokuwa tukisomesha mlango wa amana, binti wa miaka kumi na miwili, ambaye Kiingereza chake ni bora kuliko chetu cha darasa la saba, aliinua mkono akasema, "Maalim, yale maandishi yataka Windows iidhinishwe. Maana yake haikununuliwa?"

Tukamwambia tutatazama. Tukaenda kwa fundi, naye akacheka akasema, "Maalim, mji mzima uko hivyo." Jawabu hilo halikutuingia, kwa kuwa ndilo jawabu tunalopewa na kila mtoto tuliyemkuta na maembe ya jirani: wenzangu wote wamechuma.

Basi tukamwita kijana mmoja aliyesoma kwetu zamani, ambaye sasa kazi yake ni kompyuta. Alitueleza kwamba mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alianzisha kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuufungua autazame, kuubadilisha na kumgaia mwenziwe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo, yaani sehemu ya ndani kabisa inayosema na chuma chenyewe. Kiini hicho ndicho Linux. Vikaunganishwa, na tangu hapo watu wa nchi mbalimbali wanavitengeneza, wengine kwa mshahara wa makampuni na wengine bure. Wapo waliovifunga vikawa vifurushi vya kutumika na watu wa kawaida. Mmoja ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ni utu. Juu ya Ubuntu ukajengwa Linux Mint tangu mwaka 2006, na huo ndio aliotuchagulia.

Tukamwuliza swali moja tu: tukinakili, twamwibia nani? Akasema hatumwibii mtu, kwa sababu wenyewe wameandika idhini ya kunakili na kugaiana, kwa sharti kwamba atakayeibadilisha kazi yao kisha akaitoa kwa wengine, awape na wao ruhusa ile ile. Ajabu iliyotushika ni kuwa tulikuwa na Linux mfukoni kwa miaka bila kujua, kwa kuwa simu zote za Android zaendeshwa juu ya kiini hicho.

Kijana alikuja na flashi, akaichomeka, akaiwasha mashine kutoka katika flashi ile bila kugusa chochote kilichomo ndani. Jambo hili twalitaja kwa wenye hofu: Linux Mint yaweza kujaribiwa hivyo, ukatembea ndani yake, ukatazama kama sauti yatoka na kama printa yajibu, kisha ukaitoa flashi na Windows yako ikarudi kama ilivyokuwa. Tulijaribu siku tatu kabla ya kuamua. Lakini kuitia kabisa ni jambo jingine, kwani sisi tulichagua kufuta diski yote, na kilichofutwa hakirudi kwa urahisi.

Na hapa tulikaribia kupata msiba. Tulinakili folda ya nyaraka yote katika diski ya nje: majina ya wanafunzi tangu madrasa ilipofunguliwa, karatasi za mitihani, hesabu za ada. Tukasema tayari. Kijana, kidole chake ki juu ya kitufe, akatuuliza mara ya tatu, "Maalim, na vile vilivyo juu ya kiwambo?" Tukajibu kwa ukali kidogo kwamba hakuna kitu pale. Akafungua Windows mara ya mwisho, akatuonyesha folda moja pembeni. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwalimu wetu aliyetusomesha sisi wenyewe, Mungu amrehemu, darsa zake za mwaka wa mwisho wa uhai wake, na nakala nyingine hapana. Tulikaa kitako, hatukusema neno. Siku ile hatukuendelea. Tulinakili sauti zile mahali pawili, tukaenda kuswali Magharibi.

Kesho yake kazi ilikwisha katika muda wa nusu saa hivi. Mashine iliyokuwa ikitufanya tuvute uradi wote kabla haijafunguka, ikafunguka kabla hatujaketi vizuri. Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipotaka kuandika barua.

Msomaji aliyehifadhisha watoto Qur'ani atatufahamu upesi. Mtoto aliyehifadhi kwa msahafu wa Madina, wenye kurasa 604 na mistari 15 katika kila ukurasa, huijua aya pamoja na mahali pake: hii iko juu kulia, ile yamaliza ukurasa. Mpe ghafla msahafu wa chapa ya Pakistan wenye mistari 13, utamwona akikwama na macho yakitangatanga, ilhali aya ni zile zile na hata harufi moja haikupungua. Sisi tumewacheka watoto kwa jambo hilo kwa miaka. Sasa tuliketi mbele ya mashine yetu wenyewe, tukisogeza kipanya kwenda mahali palipokuwa na kitu, na kitu hakipo. Kuhifadhi faili tulijua ni alama ile ya samawati pembeni. Kuchapa tulijua ni kushuka mara tano. Maneno yenyewe hatukuwa tukiyasoma, kwa kuwa hatukuyahitaji. Tukagundua kwamba miaka yote ile tulikuwa tumehifadhi kiwambo, wala kompyuta hatukuijua.

Wiki ile ya kwanza tulisoma kila neno la kila menyu, na kamusi i mkononi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mara mbili tuliondoka kwa hasira. Watoto hawakuchoka. Siku ya pili walikuwa wakifungua na kufunga kama waliozaliwa nayo, ingawa tulipomwuliza mmoja wao folda ni nini, alicheka tu, akabonyeza nyingine.

Yako mambo yaliyotupendeza. Programu mpya hazitafutwi huku na huko katika intaneti, kila mlango ukikuambia pakua hapa. Zimo katika soko moja ndani ya mfumo wenyewe, unachagua, unatia neno la siri, zinakuja. Masasisho yapo mengi, lakini alama ndogo hukujulisha pembeni nawe ukayatia utakapo. Mashine haijizimi katikati ya mtihani ikajiwasha kwa hiari yake, jambo lililotupata zamani tukiwa na wageni. Na flashi wanazoleta wazazi, zenye virusi vya Windows, twaviona vimekaa kama mafaili yenye majina ya ajabu, navyo haviamki hapa. Lakini tusijidanganye: flashi hiyo ikitoka kwetu ikaenda kwa jirani mwenye Windows, yaweza kumdhuru, kwa hivyo twaifuta kabla ya kuirudisha.

Mengine yalitutaabisha. Linux hutofautisha harufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Tuliandika "Mtihani" na siku nyingine "mtihani", tukawa na faili mbili, tukasahihisha moja, tukachapa nyingine. Mhazini wetu ana programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows tu, nayo ilikataa. Kijana alisema ziko njia za kuilazimisha, tukamwambia aiache. Hesabu zimebaki katika mashine ya mhazini nyumbani kwake, naye ametununia kidogo, na haki yake tunaijua.

Taabu kubwa ilikuwa maandishi ya Kiarabu. Programu ya uandishi iliyomo ni LibreOffice, nayo hufungua mafaili ya Word, lakini mitihani yetu ilikuwa imeandikwa kwa sura ya harufi ya Windows ambayo Linux haikuwa nayo. Mashine ikaweka sura nyingine badala yake, mistari ikarefuka, majedwali yakapasuka, na suali la nne likaangukia ukurasa wa pili. Wakati huo tulitamani kurudi. Kijana akatutilia sura ya harufi iitwayo Amiri, kazi ya Mmisri Khaled Hosny, naye ameitoa bure kwa idhini ya kugaiana. Ameiunda kwa kufuata harufi za matbaa ya serikali ya Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Tulipoiona tulinyamaza. Ilikuwa ni khati ile ile ya vitabu vya zamani tulivyovikuta katika kasha la mwalimu wetu, irabu zimekaa mahali pake, lam na mim zimeshikana kama zilivyoandikwa kwa kalamu. Mitihani yote tumeipanga upya kwa harufi hizo, na ilituchukua usiku wa siku sita.

Kiswahili chetu cha harufi za Kiarabu, ambacho kibodi ya Kiarabu haikitoshelezi, tuliongezea mpangilio wa Kiajemi, tukapata pe na che. Ile ve yenye nukta tatu twainakili katika jedwali la harufi, mpaka tutakapopata njia bora.

Kwa Kiswahili cha harufi za Kirumi, lipo jambo ambalo vijana wangependa kulijua. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi ambayo menyu zake ni za Kiswahili. OpenOffice hiyo ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuifasiri, kwa kuwa ruhusa ilikwisha andikwa. Kwa mtu kama sisi, aliyekaa wiki nzima na kamusi mbele ya neno moja moja, kazi ya namna hiyo si ndogo, na kijana anayetafuta la kufanya wakati wa likizo akajua kwamba tafsiri bado zahitaji watu.

Binti yule aliyetuuliza, tulimwita mbele ya darasa, tukamwonyesha kiwambo. Alitazama upande wa chini, kulia. Hakuona maandishi. Akauliza kama flashi ile yaweza kwenda kwao, kwa kuwa mashine ya baba yake ina maandishi kama yale ya zamani. Tukampa, na barua ya kumwambia baba yake anakili kwanza kila kitu, pamoja na vilivyo juu ya kiwambo.

Nafasi yetu imekwisha. Mwezi ujao, inshaallah, tutaeleza namna ya kutengeneza flashi ya kujaribia, hatua kwa hatua. Mwenye suali na atuandikie kwa anwani ya gazeti hili.