AFYA NYUMBANI: Jino Lililotoboka Lizibwe Mapema

Ndugu zetu wa Kwapa, na ninyi askari mlindao mpaka kati ya Tororo na Busia pamoja na jamaa zenu, juma hili tuzungumze juu ya meno yaliyotoboka. Wengi hudhani kwamba jino likishatoboka halina dawa ila kung'olewa. Sivyo. Tundu likiwa bado dogo, jino huzibwa na kutumika miaka mingi.

Tufahamu kwanza chanzo. Hakuna funza anayetafuna jino, kama ilivyosimuliwa zamani. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Navyo vikipata sukari ya chai, soda au biskuti, hutengeneza asidi inayolainisha ganda gumu la jino. Siku zikipita ganda hutoboka, na uozo hushuka hadi penye mishipa ya fahamu. Hapo ndipo maumivu ya usiku huanza. Basi tusingoje jino liume; tukiona weusi au kijitundu, tumwone mganga wa meno.

Wako waogopao mashine, na wako wakaao mbali na umeme. Jawabu lao lilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, ilianza kutumiwa njia ya kuziba meno bila mashine. Mganga hukwangua uozo kwa vyombo vidogo vya mkono, huchanganya unga maalumu na maji yake, kisha hushindilia tundu kwa kidole. Baada ya dakika chache dawa hukauka ikawa ngumu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 liliitia dawa hiyo ya kuzibia katika orodha yake ya dawa muhimu.

Iko pia dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki. Watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasizibwe kwa hiyo, isipokuwa mganga akiona ni lazima.

Wazazi, litazameni sana gego linaloota nyuma ya meno ya utoto, mtoto afikapo miaka 6 hivi. Kwa kuwa haling'oi jino jingine likitoka, wengi hulidhania la utoto wakaliacha lioze. Hilo ni la kudumu. Likipotea halioti tena.

Nanyi askari, kabla ya kuhamishiwa kituo cha mbali, kaguliwe meno. Jino likikuzidi usiku wa manane lindoni, mwenzako ndiye atakayebeba zamu yako.

Baada ya kuzibwa, usile kwa muda wa saa moja. Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floridi, na watoto wapewe vitu vitamu pamoja na chakula, si kila saa. Usipachike tembe ya aspirini kwenye ufizi, kwani huuunguza. Na shavu likivimba pamoja na homa, hilo si la kungojea kesho: nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba hujengwa upya. Jino la mtu mzima halijengeki kwa udongo.