Mkimbizi Hakuchukua Dawa Yetu

Kuna maneno yanayozunguka barazani, kwenye matatu za Ukunda na hata nje ya msikiti watu wakisubiriana baada ya sala. Husemwa kwamba mkimbizi akivuka mpaka leo, kesho anatibiwa bure kwa pesa za wafadhili, ilhali mtoto wa hapa Galu, Kwale, akipelekwa zahanati anaambiwa dawa zimekwisha, kanunue kemisti. La mtoto wa Galu ni kweli, na linauma. La mkimbizi tunalishikilia kwa sababu ni rahisi kumlaumu mtu aliye mbali, asiye na kura.

Tuitazame hiyo bure. Familia iliyotoka Somalia ikifika kambi za Dadaab, Garissa, mtoto huzungushiwa utepe wa rangi juu ya kiwiko. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, utepe unasoma nyekundu: utapiamlo mkali. Hupewa pakiti za njugu zilizosagwa na kutiwa maziwa na vitamini, hudungwa chanjo ya surua, hutiwa matone ya polio mdomoni. Ndiyo anasa tunayoionea kijicho. Nani kati yetu angesimama mbele ya mama huyo, mtoto mgongoni, amwambie alipe kwanza?

Na chanjo ile ya polio inatulinda sote. Mwaka 2013 polio iliporudi Kenya, ilizuka Dadaab, na waliopewa matone ni watoto wa wakimbizi na wa wenyeji pamoja. Kirusi hakisimami kwenye kizuizi cha polisi kuonyesha kitambulisho.

Halafu tunazungumza kana kwamba wafadhili ni wa wakimbizi tu. Vyandarua tunamolala Kwale, dawa za kifua kikuu, ARV ambazo jirani zako wanameza kila usiku, kwa sehemu kubwa vimelipiwa na pesa za nje. Hapa hapa Galu, hospitali ya Kinondo Kwetu husaidiwa na michango kutoka Sweden. Hakuna aliyetuita wanyonyaji kwa hayo, na asingekuwa na haki.

Lakini hoja kubwa ni njia ya pesa. Afya iligatuliwa mwaka 2013. Dawa za kawaida za zahanati hununuliwa na kaunti, kwa bajeti ya kaunti. Dola iliyochangwa kwa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya Dadaab haikuwahi kuwa ya Kwale, na kambi ikifungwa kesho haitaletwa Kwale. Tena jambo hili tumeshaliona likijaribiwa mbele ya macho yetu. Mwaka 2025 Marekani ilipofunga misaada, mgao wa chakula katika kambi ya Kakuma, Turkana, ulishuka hadi chini ya theluthi ya mgao kamili na huduma za afya kambini zikapunguzwa. Basi rafu za Kwale zilijaa? Hazikujaa. Badala yake, kote nchini wahudumu wa kliniki za ukimwi waliolipwa na pesa hizo hizo walirudishwa nyumbani, na wagonjwa wetu wakaanza kuulizana dawa zitatosha hadi lini. Aliyefurahia mkimbizi kunyimwa alikuwa akifurahia jirani yake kunyimwa.

Nakubali kwamba mwenyeji wa Turkana au Garissa, aliyeishi maisha yake yote na ukame bila daktari, ana haki ya kulalamika akiona magari ya misaada yakimpita. Dawa ya lalamiko lake ni mlango wa hospitali ya kambi kuwa wazi kwake pia, kama ulivyo Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, ambako Madaktari Wasio na Mipaka huwatibu wenyeji na wakimbizi.

Sisi watu wa pwani ya kusini tuna sababu zaidi ya kuacha maneno haya dhidi ya mkimbizi. Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF huko Zanzibar, Unguja na Pemba, watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwa majahazi na mashua wakashukia Shimoni. Walikuwa Waislamu kama wengi wetu, wasemao lugha yetu, wengine wana shangazi na wajomba papa hapa. UNHCR ilikuja kuwahudumia. Kuna mtu yeyote wa Msambweni aliyesema wasitibiwe mpaka sisi tushibe dawa kwanza? Msomali au Mkongomani wa leo amepungukiwa nini ambacho Mpemba yule alikuwa nacho?

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Kikao kikiitwa, twende tumuulize mwakilishi wadi mbele ya watu: zahanati yetu ilitengewa dawa za shilingi ngapi mwaka uliopita, zilifika tarehe gani, na ni miezi mingapi rafu zilikaa tupu? Majibu yaandikwe na yabandikwe mlangoni mwa zahanati.