Shujaa na majirani zake

Mwezi wa Machi 2020, serikali ilipofunga shule kwa sababu ya Korona, sebule yetu hapa Bunia iligeuka darasa. Mama alishika hesabu na Kifaransa, mimi nikapewa historia. Kitabu sikuwa nacho. Nikafanya kama familia nyingi za Kikristo zinavyofanya baada ya sala ya jioni: nikawasimulia wadogo zangu maisha ya mtu. Nilianza na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga, huko Irumu, mwaka 1896 kuhubiri Injili, akafia hukohuko mwaka 1933.

Walimpenda. Orodha ya tarehe haijawahi kumfanya mtoto aseme "endelea". Kwa hiyo naitetea njia hii: mtoto huingia katika historia akishikwa mkono na mtu.

Lakini siku ya tatu dada yangu mdogo aliuliza: "Na watu wa Boga, wao walisema nini?" Nilikosa jibu. Nikazikumbuka sentensi zangu: Apolo alifika, alifundisha, alibatiza, watu wa Boga walifundishwa, walibatizwa. Kauli ya kutendwa ilikuwa imewanyamazisha wote.

Sauti yao niliipata baadaye ndani ya jina lenyewe. Kwa Kiganda, Kivebulaya ni kitu kilichotoka Ulaya. Husimuliwa kwamba alipewa jina hilo kwa ajili ya koti jekundu alilovaa. Ndani yake mna macho ya waliomtazama, na pengine kicheko chao.

Basi maisha ya mtu mmoja yasifundishwe peke yake. Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, aliacha maisha yake yameandikwa kwa Kiswahili, na misafara yake ya pembe na watumwa ilipita mashariki ya nchi yetu. Mtoto akisoma hayo tu, ataona mfanyabiashara hodari. Asome pia *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinachosimulia habari za waliotekwa. Nacho kina upande wake, kwa maana kinawasifu sana Waingereza. Akivisoma vyote viwili, atajifunza kuuliza nani anasema, na nani hakupewa nafasi.

Wazazi wengine wataogopa kwamba mashahidi wengi watamvuruga mtoto. Lakini Biblia iliyo mezani kwao inasimulia maisha ya Yesu mara nne, na Kanisa halikuchagua Injili moja likatupa tatu.

Hapa Ituri jambo hili si la darasa tu. Baada ya vita vya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyorudi Djugu tangu mwisho wa 2017, shujaa wa nyumba moja anaweza kuwa ndiye anayeogopwa katika nyumba ya jirani. Mtoto anayelishwa maisha ya watu wa kwao tu hujua historia ya ukoo, hajui ya Ituri. Wangapi wetu tulifundishwa nyumbani kwamba Wahema wa kaskazini huzungumza Kilendu?

Sisi wanafunzi wa lugha tunayo kazi hapo. Likizo hii, kila mmoja akae na mzee mmoja asiye wa kabila lake, aandike maisha yake kwa Kiswahili, kisha ayapeleke yasomwe baada ya sala katika nyumba ya kwao.