Mgeni wa Kariakoo, anza na macho

Kila wiki mabasi kutoka Bujumbura, Kigali, Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe huingia Dar es Salaam yakiwa na abiria waliokuja kwa jambo moja tu: kununua. Baadhi yao wamefanya safari hiyo kwa miaka kumi. Lakini ukiwauliza jiji lenyewe likoje, wengi watataja vitu vitatu: nyumba ya wageni wanayolala, duka wanalopelekwa na ghala linalopokea mizigo yao. Bahari, ambayo iko mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka Kariakoo, hawajaiona.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la starehe, na mtu aliyekuja kutafuta hana muda wa starehe. Wanakosea. Mfanyabiashara asiyelijua jiji analonunulia hununua kwa macho ya mtu mwingine, na macho ya kuazima yana gharama.

Gharama hiyo Kariakoo ina jina. Huitwa cha juu. Winga, yaani kijana anayempokea mgeni na kumpeleka dukani ilhali yeye mwenyewe hana duka, huishi kwa kile kinachoongezwa juu ya bei ya mwenye mali. Chukua hesabu nyepesi: cha juu cha Sh500 kwa kila nguo, katika mzigo wa nguo 400, ni Sh200,000. Fedha hiyo ingetosha kulipia chumba na chakula kwa siku kadhaa. Kwa mama aliyechukua mkopo wa kikundi ili asafiri, huenda hiyo ndiyo faida yote ya safari, na imebaki kwenye kona ya mtaa asioujua hata jina.

Haki itendeke: winga si mwizi. Wengi wao ni vijana waaminifu, wanajua duka gani limeshusha mzigo jana na lipi linauza mali iliyokaa. Mgeni kutoka Zambia au Malawi asiyejua Kiswahili anaweza kumhitaji kweli. Tatizo ni mpangilio. Mgeni huanza na winga, kisha hununua, kisha huondoka. Anatakiwa aanze na macho yake, ajue bei, halafu kama bado anahitaji msaada, amwite winga na kupatana naye malipo waziwazi. Anayejua bei hupatana na winga. Asiyeijua hupangiwa.

Hoja inayopinga ushauri huu ni nzito, na haifai kupuuzwa: kila usiku wa ziada mjini ni gharama, mtoto ameachwa kwa jirani, na riba ya mkopo haisubiri. Jibu lake liko kwenye kalenda. Maduka mengi ya jumla Kariakoo hupunguza kazi au hufungwa Jumapili. Anayefika Jumatano na kuondoka Ijumaa hana nafasi ya kutazama lolote. Anayefika Jumamosi asubuhi ana siku moja ya kuuliza bei, siku moja ya kulitembelea jiji, na Jumatatu ananunua. Ni safari ileile. Kinachobadilika ni siku ya kupanda basi.

Jumamosi hiyo ianzie stendi. Mabasi mengi ya mikoani na nchi jirani hushusha abiria katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na katikati ya jiji. Hapo ndipo mgeni mwenye mabegi huonekana kwa urahisi kuliko mahali pengine popote. Anayejua mapema atalala mtaa gani, na nauli ya teksi ni kiasi gani kwa kuiangalia kwenye programu ya simu, hajadiliani akiwa amechoka. Njiani, kwenye Barabara ya Morogoro, atapita Ubungo. Palipokuwa na stendi ya zamani sasa pana kituo kikubwa cha biashara cha EACLC kilichozinduliwa mwaka 2025. Hata kama hatanunua kitu hapo, ni mahali pengine pa kulinganisha bei.

Akishafika Kariakoo, fedha zibaki mahali salama na mkononi ashike daftari. Mtaa huu unatisha kwa msongamano lakini si mgumu kuuelewa. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps. Barabara zake zimepangwa kwa mistari inayokatana, na Mtaa wa Msimbazi ni kama uti wa mgongo; anayeukumbuka huo hapotei. Mtaa wa Kongo unajulikana kwa nguo. Aggrey ni kwa simu na vifaa vyake. Gerezani ni kwa vipuri vya magari. Khanga na vitenge viko kwa wingi Mtaa wa Uhuru, kuelekea Mnazi Mmoja. Mitumba ni Soko la Karume, Ilala. Soko kuu lenyewe, lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021 na kujengwa upya. Hata leo ni alama nzuri ya kukutania kwa watu waliosafiri pamoja.

Kwa kila bidhaa, maduka matatu. Chini ya hapo ni kubahatisha. Na swali la kwanza lisiwe bei bali kipimo. Dazeni ni 12, korija ni 20, lakini kwenye khanga lazima iulizwe kama hesabu ni ya doti au ya kipande kimoja kimoja. Bei ya jumla huanzia idadi gani? Je, katoni ikifunguliwa na kukutwa na kasoro, inarudishwa? Risiti itatolewa kwa kiasi kamili? Majibu yaandikwe siku hiyohiyo, maana jioni maduka yote huchanganyika kichwani.

Jumapili ni siku ya jiji, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi hudhani hapana biashara. Njia yenyewe haihitaji kiongozi. Kutoka Kariakoo mgeni anavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, eneo ambalo wakoloni waliliacha wazi ili kutenganisha makazi ya Waafrika na upande wa Wahindi na Wazungu. Mbele yake ni Posta, na kwenye makutano ya Samora na Azikiwe imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita hiyohiyo iliyoipa Kariakoo jina. Kwa hiyo katika matembezi mafupi mgeni ameshaona mpagazi na askari, na ameelewa kwa nini soko likawa lilipo.

Kutoka hapo ashuke ufukweni mwa bandari, kwenye makanisa mawili ya zamani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front. Anayeuza vitenge asimame nje ibada inapoisha. Ataona mishono, rangi zinazopendwa na zilizoanza kuachwa, na vitambaa ambavyo akina mama wa Dar wamevivaa kwa fedha yao wenyewe. Taarifa hiyo winga hana, kwa kuwa yeye huonyesha mali iliyopo dukani, si ile inayovaliwa mtaani. Mzigo unaochaguliwa baada ya Jumapili kama hiyo haufanani na ule unaochaguliwa chini ya taa za duka.

Mwendo mfupi zaidi unamfikisha Feri, kwenye soko la samaki na pantoni linalovuka kwenda Kigamboni. Juu ya pantoni anaziona meli zikiingia lango la bandari. Mfanyabiashara ambaye maisha yake yamebebwa na makontena anastahili walau mara moja kuona yanapotokea, na huenda siku ile bei itakapopanda kwa kuwa meli zimechelewa hatadanganywa kirahisi. Mwenye nafasi apite Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kwenye historia ya fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Jioni ni Coco Beach, ambako Jumapili familia nyingi hujaa ufukweni kula mihogo ya kukaanga. Kurudi si tatizo. Mabasi ya mwendokasi yana kituo Kivukoni, karibu na Feri, na kingine Gerezani, jirani na Kariakoo.

Kuna sababu nyingine ya kujiongoza mwenyewe, nayo ni sheria. Amri iliyotolewa Tanzania Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uongozaji wa watalii na udalali wa biashara. Kwa miaka mingi mgeni wa muda mrefu mjini amekuwa akiwapokea wenzake wa nchi moja, kuwazungusha madukani na kulipwa. Anayemtegemea mtu wa namna hiyo leo anatembea na mwenyeji ambaye mwenyewe yuko mashakani. Kanuni za Machi 2025 nazo zimekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mwenye dola akabadilishe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, si kwa mtu wa kando ya barabara.

Risiti ya mashine ya EFD nayo haina mjadala. Sheria humtaka mnunuzi aidai kama inavyomtaka muuzaji aitoe, na mpakani ndiyo inayoonyesha thamani halisi ya mzigo. Wanaorudi katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakumbuke pia utaratibu wa biashara uliorahisishwa: mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasilia, ikiwa bidhaa zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Bidhaa iliyotoka China haigeuki ya Afrika Mashariki kwa kuwa imenunuliwa Kariakoo. Ndiyo maana swali la "imetengenezwa wapi?" linatakiwa kuwa kwenye daftari la Jumamosi, kabla ya kuwa swali la ofisa forodha.

Hata hivyo, mzigo huu wote hauwezi kuachwa kwa mgeni peke yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini mwanamke anayeshuka Mbezi Luis na kikapu chake hapokelewi na kitu chochote kinachofanana na soko la pamoja. Mtalii anayekwenda Serengeti hupata ramani, mabango na watu waliofunzwa kumpokea. Mfanyabiashara kutoka Bujumbura, anayerudi mara kadhaa kwa mwaka, akalala, akala, akapanda na kununua, hupokelewa na wanaomvuta mkono.

Halmashauri ya Jiji inaweza kurekebisha hilo bila mradi wa mabilioni. Libandikwe bango kubwa ndani ya stendi, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, lenye ramani ya Kariakoo na bidhaa za kila mtaa, nauli za mabasi ya umma, mahali pa kubadilisha fedha na namba ya simu ya kutoa malalamiko. Bango kama hilo liwepo pia Kabanga, Rusumo, Tunduma na Kasumulu. Vyama vya wafanyabiashara wa Kariakoo vina kila sababu ya kuchangia, maana duka lenye bei ya haki ndilo linalopoteza mteja pale winga anapogeukia mtaa mwingine.

Mpaka bango hilo lipatikane, kila kundi linalosafiri pamoja linaweza kuanza na daftari moja: majina ya mitaa, bei za safari hii, tarehe zake, na maduka yaliyotoa risiti bila kusukumwa. Anayesafiri mwezi ujao apewe daftari hilo kabla hajakata tiketi, na tiketi yenyewe iwe ya kumfikisha Dar es Salaam Jumamosi asubuhi.